Regyuleta nzima iliyomwaga hewa mita 21: kisa cha dogo

Jumatatu asubuhi dogo kaniletea regyuleta yake, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi chini ya maji, ndani ya mfuko wa supamaketi, kaitua mezani kama mtu anayerudisha samaki aliyevunda, ananambia yakhe hii kitu jana imetaka kuniua, ifungue unitafutie kilichovunjika.

Sikuifungua. Kwanza nikaifunga kwenye mtungi, nikachomeka gegi ya presha ya kati, ile ya ndani ya mpira unaotoka fasti steji (sehemu inayofungwa kwenye mtungi) kwenda sekondi steji (ile ya mdomoni), nikafungua valvu polepole. Mshale ukapanda ukakaa baa 9.5. Nikavuta pumzi mdomoni, mshale ukazama kidogo, nilipoacha ukarudi palepale. Nikenda kutia chai, nikanywa nusu, nikarudi, bado 9.5, haujasogea hata unywele. Mafundi wanajua maana yake, kama kiti cha valvu ndani kimekwisha mshale hautulii, unatambaa juu kidogo kidogo, 9.5, 9.8, 10.2, mpaka ile ya mdomoni inaanza kuvuja yenyewe. Huu haukutambaa. Nikamwambia dogo, regyuleta yako nzima. Akanitazama kama nimemtukana mamake.

Mimi na dogo hatuna damu moja ila sote wa Nungwi, Unguja, mimi nimemtangulia huku Uingereza miaka mingi na kazi yangu ni hii ya kufungua na kufunga vifaa vya kuzamia. Yeye kafanya udaivmasta, kazi ya kuongoza wazamiaji, miaka sita, kapeleka wageni kisiwa cha Mnemba mpaka ile miamba anaijua kama uani kwao, halafu akaja huku kwa ndoa. (Na ukijitambulisha huku kuwa wewe ni mzamiaji, Waswahili wenzako wanadhani umekuja umejificha ndani ya meli, dogo keshaulizwa mara mbili kashukia bandari gani.) Vifaa vyake kaja navyo kwenye begi. Regyuleta ya pistoni ya wazi, sekondi steji ya plastiki, nyepesi, inapumua laini mpaka unasahau kama una kitu mdomoni. Kwa kwetu hicho ni chombo kizuri sana na simtanii. Maji ya Unguja yakipoa kweli wakati wa kusi yanafika kama digrii 25, kaskazi yanapanda 28, 29. Pistoni ina sehemu chache zinazotembea, sevisi yake nyepesi, chumvi ikiingia unaisuuza kwa maji ya bomba basi. Kaitumia miaka mitano, siku nyingine mara mbili tatu kwa siku, haijamfanyia kituko hata kimoja. Ndiyo maana alipofika huku hakuwaza kabisa kuibadilisha, alichonunua ni draisuti tu, ile suti ya kuzamia isiyoingiza maji, na adapta ya kuifungia kwenye mitungi ya huku.

Jumapili hiyo, mwisho wa Februari, dogo na mwenzake wakaenda kwenye machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji, huku katikati ya Uingereza yapo kadhaa na watu wengi wanajifunzia humo. Nje digrii 1. Maji digrii 5, juu mpaka chini. Kwetu ukisema maji baridi mtu anaelewa maji yasiyo na chumvi, huku ni yote mawili kwa pamoja, na hilo lina maana yake: maji yasiyo na chumvi yanakuwa mazito kuliko yote yakifika digrii 4, kwa hiyo baridi ya msimu mzima inazama na kukaa chini, unaweza kuja Mei juu watu wanaogelea wanacheka, ukishuka mita 25 ukakutana na Februari bado imekaa inakusubiri.

Sasa twende na kompyuta yake ya mkononi, maana inaandika kila kitu na haina hofu wala haitaki kujitetea. Mtungi wa chuma wa lita 12, kaanza na baa 210. Dakika kumi za kwanza wako kwenye jukwaa la mita 7 anazoea draisuti, anavuta hewa kwa pupa, uso unamuuma kwa baridi, mshale unashuka haraka. Dakika ya 12 wanavuka ukingo wanashuka. Alishuka kama mzigo. Draisuti ikamkaba, akabonyeza kitufe cha kifuani kuingiza hewa, akaona bado anazama akabonyeza na cha jaketi la kuelea mkono wa pili, vyote viwili vimeshikwa, na huku anavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeshtuka. Mita 21, baa 155. Hapo hapo akasikia ssss, anasema kama soda, halafu ikawa ngurumo, mapovu usoni haoni kitu, taya linasukumwa na hewa.

Alifanya alichofundishwa. Kozi ya mwanzo kabisa ya PADI, lile shirika la kufundisha uzamiaji, wanakupumulisha kwenye regyuleta inayomwaga, sekunde 30 angalau, unaiacha nusu nje ya midomo hewa ya ziada ipite pembeni unakunywa ile unayoihitaji. Kasema alikumbuka bwawa la hoteli alilofundishia wageni zoezi hilo mara mia. Tofauti ni kwamba ile ya bwawani ilikuwa hewa ya kawaida, hii ilimgandisha meno, ulimi ukafa ganzi. Mwenzake wa kuzama, mzee mmoja wa Kiingereza ambaye huwa hasemi sana, akamfikia, akampa regyuleta yake ya akiba, ile ya manjano tunayoiita pweza, akahakikisha kaiuma vizuri, halafu ndipo akazunguka nyuma akaufunga mtungi wa dogo. Kompyuta: baa 62. Dakika mbili na sekunde chache zimeondoka baa 93. Zidisha mara 12, ni zaidi ya lita 1,100 za hewa zilizokwenda kwa samaki. Mtu mtulivu kina hicho angezitumia zaidi ya robo saa.

Wakapanda taratibu, mita 9 kwa dakika, wakasimama mita 6. Pale mzee akafanya kitu ambacho mimi nakiona ndicho ushahidi mkubwa kuliko wote katika kesi hii. Akaufungua tena mtungi wa dogo. Kimya. Dogo akaijaribu ile regyuleta yake, ikapumua laini kama Mnemba.

Kwa hiyo kilichovunjika kilikuwa kimejitengeneza chenyewe njiani kati ya mita 21 na mita 6. Ushahidi uliyeyuka.

Dogo hapa alinibishia, na swali lake ni la haki. Maji digrii 5, barafu itoke wapi? Maji hayagandi kwa digrii 5.

Nikamuuliza, Nungwi ukijaza mitungi kwa kompresa huwa mnafanyaje. Akasema tunaitumbukiza kwenye pipa la maji. Kwa nini? Kwa sababu inachemka. Naam. Hewa ukiibana inatoa joto, na yule anayejaza mitungi kila siku mikono yake inajua hilo kuliko kitabu. Sasa ukiiachia, inalidai joto lile lirudi, na inalichukua popote inapolipata. Toa hewa kwenye tairi la baiskeli uguse kile kivalvu, utakikuta cha baridi, na tairi lina baa tatu nne tu. Kwenye fasti steji hewa inatoka baa 150 au 200 inaangukia kwenye baa 9 na kidogo juu ya presha ya maji yanayokuzunguka, kwa mruko mmoja, ndani ya kitundu kidogo kuliko punje ya mchele. Hewa inayotoka pale inaweza kuwa chini ya sifuri kwa digrii ishirini na zaidi. Kwenye maji ya 28 chuma kinapashwa na bahari haraka kiasi kwamba hata huoni. Kwenye maji ya 5 bahari hiyo haipo, una akiba ya digrii tano tu na ikiisha maji yanayogusa chuma yanaganda.

Na maji yanagusa chuma wapi? Hili ndilo swali lenyewe la kununua regyuleta ya baridi, mengine yote ni mapambo. Pistoni ya wazi ina matundu pembeni, yamewekwa kwa makusudi, maji lazima yaingie mle yaisukume springi na pistoni ili chombo kijue uko kina gani kiongeze presha. Kwa hiyo springi inaogelea. Yenyewe iko sentimita moja na kitu kutoka pale hewa inaporuka. Barafu ikianza inaanza hapo, inashikana na mizunguko ya springi, pistoni inataka kurudi ifunge inakuta njia imezibwa, inabaki imeachama. Presha ya kati inapanda, sekondi steji haiwezi kuizuia inaanza kumwaga, kumwaga kwenyewe ni hewa nyingi zaidi kupita pale pale, baridi zaidi, barafu zaidi. Haijitibu yenyewe mpaka mtungi uishe au mtu aufunge. Ndiyo maana kufunga valvu kulitosha, hewa ikasimama, maji ya digrii 5 yale yale yaliyokuwa adui yakageuka kuwa ya moto kwa barafu, yakaiyeyusha.

Ingeweza kuwa sekondi steji ndiyo iliyoganda? Hutokea sana pia. Pumzi yako ina unyevu, unyevu unatua kwenye kile kiwiko kinachofungua valvu ya mdomoni, unaganda, kiwiko kinakwama. Hasa za plastiki tupu, plastiki haipitishi joto, wakati ya chuma inaiba joto kidogo kwenye pumzi yako na kwenye maji. Nilimuuliza dogo swali moja tu: pweza wako kifuani alikuwa anafanya nini? Akafikiri, akasema naye alikuwa anatoa mapovu, nilidhani nimembonyeza kwa bahati mbaya. Basi. Kama sekondi steji ya mdomoni ingekuwa peke yake imekwama, pweza angekaa kimya, presha yake ingekuwa ile ile 9.5. Wote wawili wakimwaga kwa pamoja mkosa ni yule wa juu anayewalisha wote. Na hapo pia unaona kwamba pweza wako mwenyewe, kwa ajali ya aina hii, hakusaidii kitu, mmefungwa kamba moja.

Watu niliowasimulia wengi wao wanarukia kusema jamaa alipaniki. Mimi sikubali, au nikubali robo. Tuhesabu kwa haki yaliyomfikisha pale.

La kwanza chombo, nimeshalisema. La pili mzigo: pumzi, draisuti na jaketi kwa wakati mmoja, tatu zinanyonya kwenye chuchu moja, na zote za mita 21 ambako kila pumzi ni mara tatu ya juu. Kama angebonyeza draisuti kidogo kidogo, nusu sekunde nusu sekunde, na jaketi asiliguse, pengine ile mbizi ingekwisha salama na mimi nisingekuwa na cha kuandika, na yeye angerudi wiki ya pili na regyuleta ile ile. La tatu ni mambo ya nchi kavu ambayo nusu yake ni tabia zetu za Nungwi. Usiku uliotangulia aliisuuza kwenye beseni bila kukaza kile kifuniko cha vumbi, ndani kukaingia matone. Ikalala kwenye buti la gari, nje barafu. Asubuhi ufukweni, ukiweza kuuita ufukwe, akabonyeza kitufe cha kumwaga mara tatu, pshh pshh pshh, akapumua humo mara kadhaa huku anapiga soga, kwa sababu ndivyo tunavyojaribu vifaa kwetu na hakuna ubaya. Huku kila pshh ni kuipeleka fasti steji majini ikiwa imeshapoa, na kila pumzi ya juu ni unyevu unauweka ndani. Mzee wa Kiingereza yeye aliijaribu ya kwake ndani ya maji, uso ukiwa chini, pumzi mbili tatu basi. Dogo alidhani mzee hajui kuangalia vifaa vyake.

La nne dogo zaidi, hata presha ya mtungi. Kwetu mingi ni ile ya alumini ya lita 11 na kitu, inajazwa baa 207 na kwa kweli mara nyingi unaikuta 190. Huku chuma, baa 232. Mruko mrefu zaidi, baridi zaidi.

Ukiniuliza uzito, chombo nusu, mzigo robo, hayo mengine yanagawana. Hofu ilikuja baadaye.

Kisha nikamwambia aigeuze fasti steji aitazame karibu na pale inapofungwa. Tukapangusa na kidole gumba, kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi ya miaka, chini yake kumechongwa herufi ndogo: >10°C. Akasoma kimya. Miaka mitano kaibeba.

Ulaya kuna kipimo kinaitwa EN 250. Kwao maji ya baridi ni chini ya digrii 10. Regyuleta inayotaka kuuzwa kwa maji hayo inawekwa kwenye maji yasiyozidi digrii 4, presha ya mita 50, mashine inapumua lita 62.5 kwa dakika, dakika tano, isigande na isimwage. Ambayo si ya maji hayo lazima ichongwe ile alama. Kwa hiyo swali la kwanza dukani au kwa mtu anayekuuzia mtumba ni hilo, alama ipo au haipo, na unaitazama kwa macho yako siyo kwenye tangazo. Ila usilewe nayo. Dakika tano kwenye mashine ni dakika tano, wewe utakaa chini nusu saa na makosa yako. Kuanzia toleo la 2014 kuna na herufi A, EN 250A, maana yake ile ya akiba imepimwa hali ya watu wawili kupumua kwenye fasti steji moja. Zisizo na A hazina kipimo hicho. Mfikirie dogo sasa, kama yule mzee angekuwa na fasti steji moja, watu wawili wanahema kwa woga mita 21, kila mmoja lita 40 kwa dakika mara tatu na kidogo, ni karibu lita 250 kwa dakika zinapita kitundu kimoja kwenye maji ya digrii 5. Ingeweza kuganda na ya mzee. Hawakufika huko kwa sababu mtungi wa mzee ulikuwa na valvu ya vichwa viwili na fasti steji mbili, akampa dogo ya pili, ya kwanza ikabaki yake.

Baada ya hapo ndipo tukaingia kwenye kununua, na dogo alikuwa keshapita duka moja, silitaji, wakamwambia tatizo lako dogo sana, chukua hii ya titani, ndiyo ya juu kabisa. Bei yake ungeweza kumpeleka mama Umra. Nikacheka. Titani ni nzuri, nyepesi, hailiwi na kutu, mtu anayesafiri kwenda Pemba na begi la kilo chache ningemwambia nunua. Kwenye baridi lakini unataka chuma kinachopitisha joto, maji yaweze kuipasha fasti steji haraka, na shaba nyeupe iliyopakwa kromu inapitisha joto mara nyingi kuliko titani. Simaanishi kila ya titani itaganda, zipo zilizopita kipimo. Namaanisha ile pesa ya ziada hailipii baridi, inalipia uzito.

Yeye mwenyewe alikuwa na imani nyingine, kasoma kwamba pistoni mbaya, diaframu (ile ya utando badala ya pistoni) nzuri, imeisha hiyo. Hapa nikamkatisha. Scubapro wana MK25 EVO, ni pistoni, wameizungushia kinga ya joto na imepita kipimo cha baridi. Na kule Antaktika kwenye kituo cha Wamarekani cha McMurdo, ambako maji ya bahari yako digrii -1.8, wanasayansi wao wamezama miaka na miaka na Sherwood Maximus, ambayo ni pistoni vilevile. Siri yake ni kwamba inavujisha hewa kidogo sana ndani ya kile chumba cha springi, hewa inatoka vipovu vidogo na maji hayaingii. Ukimpa fundi asiyeijua atakwambia inavuja niibadilishe oringi, ile pete ya mpira. Kwa hiyo ni lile swali letu lile lile, maji yanafika wapi. Diaframu iliyofungwa inajibu kwa njia nyepesi tu: juu ya diaframu ya kwanza kuna chumba kikavu chenye springi, juu ya chumba kuna utando wa pili wa silikoni unaogusana na maji, katikati kuna kipande kinachopeleka msukumo wa maji chini. Springi haioni maji maisha yake yote. Apeks DS4 iko hivyo, Scubapro MK17 iko hivyo, wapo na wengine. Ya Poseidon, Xstream, watu wa baridi kali wanaipenda sana na wana sababu, ila kwa dogo niliikata kwa sababu moja ya kijinga lakini ya kweli, hapa nilipo hakuna fundi jirani mwenye vipuri vyake na mimi sijasomea. Regyuleta usiyoweza kuifanyia sevisi karibu na nyumbani mwaka wa pili utaipuuza.

Tukakubaliana, siyo moja ghali bali mbili za kawaida. Valvu ya vichwa viwili, fasti steji mbili za diaframu zilizofungwa, zote za kukaza kwa uzi ndani ya valvu badala ya ile ya kubana kama kitanzi tunayotumia kwetu. Akapata DS4 mbili za mtumba kwa watu wawili tofauti, na mojawapo hii inafaa niielezee kidogo. Nje inang'ara. Muuzaji kaandika imefungwa, ya maji ya baridi, na kweli haina ile alama. Nikafungua pete ya juu, utando wa silikoni ukatoka na tone la maji. Nikauvuta kwenye taa: kitundu, cha ncha ya sindano, pembeni kabisa pale pete inapobana. Chini yake springi ilikuwa na kijani, kile kijani cha shaba iliyokaa na chumvi. Maana yake kwa muda usiojulikana hiyo regyuleta ilikuwa ya wazi kama ya dogo tu, tena mbaya zaidi, maji yameingia na hayana pa kutokea. Kipuri chenyewe bei yake ni sahani ya biriani. Ukinunua mtumba wa baridi usipofungua pale juu, hujanunua, umecheza kamari.

Nikazifanyia sevisi zote mbili, springi mpya, utando mpya. Presha ya kati nikaiweka upande wa chini wa kipimo chake, baa 9 na nukta. Sekondi steji tukachukua zenye chuma cha kutosha pale mpira wa hewa unapoingia, nikazikaza kidogo zisiwe tamu sana. Dogo akalalamika, yakhe mbona inavuta nzito. Nikamwambia ndiyo, utazoea, ile uliyozoea ilikuwa inakupa kabla hujaomba. Kile kiswichi cha pembeni ya sekondi steji, cha kulegeza au kukaza hewa, unakiacha kwenye alama ya kutoa (−) mpaka kichwa kiwe chini ya maji.

Mipira tukaigawa hivi: fasti steji ya kulia inalisha mdomo na jaketi, ya kushoto inalisha pweza na draisuti. Ikimwaga moja unaifunga kichwa chake na bado una kitu cha kupumua na kitu cha kukuinua. Hapo mzigo wenyewe umeshagawanyika, ile siku ya kubonyeza vyote viwili isingekuta chuchu moja. Shida ni kuifikia valvu nyuma ya shingo umevaa draisuti na glavu nene. Wiki tatu kila jioni alikuwa anafanya zoezi sebuleni kwake, mtungi mgongoni, mkewe anamshikia saa. Mwanzo sekunde 40, sasa chini ya 10. Jirani kaona dirishani, sijui anatuonaje.

Mwisho wa Machi nikazama naye mwenyewe, machimbo yale yale. Maji digrii 6. Mita 7 nikampa ishara, afunge kulia, abadilishe, afungue, afunge kushoto. Kafanya. Tukashuka polepole mpaka 21, anagusa draisuti yake kidogo kidogo kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Dakika 31. Tulipotoka hakubonyeza kitufe hata mara moja, akaenda moja kwa moja kwenye gari kutafuta chupa ya chai, mikono inamtetemeka hawezi kufungua kifuniko, nikamfungulia.

Ile ya zamani hakuitupa wala hakuiuza huku, nilimkataza asimuuzie mtu yeyote wa huku. Niliifanyia sevisi, nikasafisha ule ukoko wa chumvi, akaipeleka kwa mpwa wake Nungwi kwa mtu aliyekuwa anarudi. Kijana anaitumia kila siku, anasema haijawahi kutokea regyuleta tamu kama hii. Juzi kapiga picha karibu kabisa, kaituma kwa dogo, anauliza mjomba hapa pamechongwa >10°C, maana yake nini, ni toleo la kumi? Dogo akanisomea ujumbe tuko karakana, akafikiri aandike nini, mwisho akamuuliza maji huko digrii ngapi leo. 28, kajibu kijana, na picha ya jua.